Kompyuta ya mezani haiwaki: pima umeme kabla ya kununua chochote

Juzi nimemsaidia mama mmoja mwenye stesheneri mtaani kwetu. Mashine yake ya kuchapia barua za wateja ilikuwa inawasha taa na kuzungusha feni, lakini monita nyeusi tii. Alishaambiwa anunue mazabodi mpya, yaani ile bodi kuu ya ndani. Kilichoharibika ni pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Watu wanatoa hela kwa kubahatisha wakati multimita ya kawaida (kifaa cha kupimia volti) ingewapa jibu, na ndiyo maana naandika utaratibu ninaoutumia.

Hatua ya 1: Angalia haiwaki namna gani

Kama imekufa kabisa, bila taa wala feni, au feni zinazunguka ila skrini haina kitu, endelea kusoma. Kama nembo ya kampuni inatokea kisha inakwama, tatizo litafute kwenye diski au Windows, siyo humu.

Hatua ya 2: Mambo ya nje

Jaribu soketi ya ukutani kwa chaja ya simu. Badilisha waya wa umeme. Ule wa monita mara nyingi huingia. Kama kuna kadi ya picha, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi.

Mashine za mtumba, hasa zilizotoka Marekani, zitazame nyuma kama zina kiswichi chekundu cha 115/230. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, kwa hiyo kikiwa kwenye 115 pawa saplai inaungua mara tu unapochomeka. Kikague kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza.

Halafu chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, chomeka tena. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai huwa inajifunga ili kujilinda, na hili peke yake linaweza kuifungua.

Hatua ya 3: Pawa saplai

Njia inayofundishwa kila mahali ni kuchomoa soketi kubwa ya pini 24, kuunganisha waya wa kijani na mweusi, na feni ikizunguka basi pawa saplai ni nzima. Siikubali. Inaonyesha tu kwamba inawaka ikiwa haina mzigo. Iliyochoka huzungusha feni vizuri kabisa, kisha volti zinaporomoka mara prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na diski zinapoanza kudai umeme.

Mimi napima kila kitu kikiwa kimeunganishwa. Multimita iwe kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse chuma kitupu cha kasha, ncha nyekundu ipenyezwe nyuma ya soketi ya pini 24, ubavuni mwa waya, mpaka iguse chuma. Iwe nyembamba, na isiguse pini mbili kwa pamoja.

Anza na waya wa zambarau, mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa ukutani. Usome volti 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma sifuri, chomoa soketi kubwa kutoka kwenye mazabodi upime tena. Bado sifuri? Pawa saplai imekufa. Volti zikirudi, kuna shoti kwenye mazabodi au kwenye kitu kilichochomekwa humo, hata mlango wa USB wa mbele uliopinda pini.

Kisha wa kijani. Mashine ikiwa imezimwa huwa na volti kadhaa, na ukibonyeza kitufe zinashuka karibu na sifuri. Zikishuka na feni zisizunguke, kosa ni la pawa saplai, au kuna shoti inayoifanya ijilinde. Zisiposhuka, shuku kitufe: chomoa waya wake mdogo, gusanisha kwa bisibisi, sekunde moja tu, zile pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN. Ikiwaka, kitufe ndicho kibovu.

Waya wa kijivu ndio unaosahaulika. Kwa waya huu pawa saplai inaiambia mazabodi kwamba volti zimetulia, kazi ianze. Lazima ufike karibu volti 5 ndani ya nusu sekunde baada ya kuwasha. Ukibaki chini, mazabodi inamzuia prosesa asianze: feni zinazunguka, taa zinawaka, na skrini inabaki tupu hata ubadilishe RAM (vibao vya kumbukumbu) mara ngapi. Mashine ya yule mama ilikuwa hivyo hivyo. Tatizo hili lilishanimalizia jioni nzima kabla sijazoea kuupima waya huu mapema.

Malizia na wa njano (11.4 hadi 12.6), mwekundu (4.75 hadi 5.25) na wa chungwa (3.14 hadi 3.46), wakati mashine inajitahidi kuwaka.

Tahadhari. Rangi hizi ni za pawa saplai za ATX, muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani. Mashine nyingi za ofisini hazifuati: Dell OptiPlex 9020 ina soketi ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6. Kwa hizo azima pawa saplai ya modeli ileile ujaribu nayo. Zenye waya zote nyeusi, tafuta mchoro wa pini kabla ya kugusa. Na usifungue pawa saplai yenyewe: kepasita za ndani (vile vimikebe vinavyohifadhi umeme) hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Ukinunua nyingine, mimi nachagua iliyotumika iliyotoka kwenye mashine ya ofisini kuliko mpya nyepesi kama karatasi iliyobandikwa "500W".

Hatua ya 4: Waya wa prosesa

Karibu na prosesa kuna soketi ya pini 4 au 8. Isipochomekwa, feni zinazunguka bila picha. Isukume mpaka ilie "klik".

Hatua ya 5: RAM

Chomoa waya ukutani, shika chuma cha kasha, kisha toa RAM zote. Safisha meno yake kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichotoa nyuzi. Raba ya shuleni siitumii, inaacha vumbi na kukwangua dhahabu. Rudisha moja tu, ujaribu kila RAM na kila nafasi.

Hatua ya 6: Betri na kupunguza mzigo

Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye mazabodi, ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski), uwe na ufunguo wa kurejesha kabla ya kuitoa betri, kwa sababu mipangilio ya BIOS (programu ya kuanzishia mashine) ikifutika unaweza kuulizwa ufunguo huo.

Kisha bakiza mazabodi, prosesa, feni yake na RAM moja (na kadi ya picha, kama mashine haitoi picha bila hiyo). Isipowaka hata hivyo, na volti zote ni nzuri, iliyobaki ni mazabodi au prosesa. Tazama kama kuna kepasita zilizovimba kichwani. Kwa mashine ya zamani, ulinganishe kwanza bei ya mazabodi na ya mashine nzima ya mtumba ya modeli ileile. Na kabla ya kuipeleka kwa fundi, toa diski ubaki nayo nyumbani. Fundi haihitaji ili kujua kama mazabodi inawaka, na kazi zako zote zimo humo.