Somo: Kuhama na maabara baada ya kimbunga, kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni na kwisha Novemba, na katika miezi hiyo haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali moja: jengo limeharibika, profesa wangu amepewa nafasi katika chuo kingine, je, mimi nianzie wapi? Nimelijibu kwa mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naliandika mara moja, na atakayeniuliza faraghani baada ya hapa nitamrudisha kwenye somo hili.

Maabara yetu ilihamia chuo kingine kwa miezi kumi na mmoja nikiwa katika mwaka wa tatu wa uzamivu. Tulikuwa watu sita, majokofu mawili ya nyuzi hasi 80, na panya waliosalimika. Mengi yalikwenda vizuri kwa bahati tu. Moja nililiharibu mwenyewe, nalo ni Hatua ya 6.

Hatua ya 1. Hakikisheni kwamba kila mtu wa maabara amepatikana na yuko salama, kisha mmoja wenu atunze orodha ya namba za simu na anwani za muda.

Hatua ya 2. Usiingie katika jengo kabla wahusika hawajaliruhusu, hata kama jokofu lako unaliona kupitia dirishani.

Hatua ya 3. Uliza chuo chako kitafunguliwa lini, na swali hilo hilo uliulize kuhusu programu yako peke yake. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, Chuo Kikuu cha Tulane kilichoko New Orleans kilifunga muhula mzima, kikafungua milango Januari 2006. Lakini Desemba 2005 kilikuwa kimekwisha kutangaza mpango uliofuta idara kadhaa za uhandisi na kupunguza programu za uzamivu. Chuo kinaweza kufunguliwa na programu yako isirudi.

Hatua ya 4. Chagueni kinachohama. Kinachonunulika kiacheni, hata kama ni cha bei kubwa. Tangulizeni sampuli zisizoweza kukusanywa tena, nasaba za panya zisizopatikana kwingine, madaftari ya maabara, na diski za data. Dawa zinazodhibitiwa na vitu vyenye mionzi si vya mwanafunzi kubeba, kwa kuwa leseni zake hufungamana na mahali. Waachieni maofisa usalama wa vyuo viwili. Kumbukeni pia kwamba sampuli huwa ni mali ya chuo, hivyo kabla hazijavuka lango pawepo makubaliano ya maandishi ya kuzihamisha, na za binadamu zinahitaji idhini ya kamati ya maadili juu ya hayo.

Hatua ya 5. Lindeni baridi. Barafu kavu ina nyuzi hasi 78.5, nayo haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka moja kwa moja kuwa gesi ya kaboni dioksidi. Sanduku la kawaida la povu hupoteza kati ya kilo mbili na tano kwa siku, kwa hiyo pigeni hesabu ya safari kisha ongezeni siku moja. Seli zilizohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina nyuzi hasi 196, zihamishwe katika mtungi maalumu wa safari ambao naitrojeni yake imefyonzwa ukutani, na mtungi huo usimame wima njia nzima, kwani ukilazwa baridi yake huisha mapema mno.

Hatua ya 6. Andikisha jina lako mwenyewe. Hapa someni polepole.

Profesa akihama, vyuo viwili huandikiana kuhusu yeye: chumba atakachopewa, fedha zake za utafiti zitakavyopita, vifaa atakavyoazimwa. Mimi nilidhani kwamba barua hiyo inanihusu na mimi, kwa kuwa nilifika naye katika gari moja na masanduku nilibeba mimi. Haikunihusu. Katika kumbukumbu za chuo kile sikuwa mwanafunzi, wala mtumishi, wala mgeni anayejulikana. Kila asubuhi kisomeo cha kadi pale mlangoni kiliniwakia taa nyekundu, nami nikasimama koridoni nimekumbatia sanduku la vitendanishi mpaka apite mtu wa kunifungulia. Niliichukulia taa ile kuwa kero ndogo.

Panya walipopata vizimba, katika wiki ya pili, nikaanza majaribio. Profesa alikuwa amekwisha kupata kibali cha kamati ya wanyama ya chuo mwenyeji, na kibali kilikuwa halali kabisa, isipokuwa kwamba katika orodha ya watu wanaoruhusiwa kuwagusa wanyama jina langu halikuwamo, kwa sababu sikuwa nimefanya mafunzo ya pale. Hakuna aliyeniambia niyafanye, nami sikuuliza. Jambo hilo liligunduliwa katika ukaguzi wa kawaida baada ya wiki saba. Kamati haikunifukuza. Ilitaka maelezo kwa maandishi, kisha ikaagiza kwamba data ya wiki zote saba isitumike popote. Panya thelathini na wanane walikufa kwa ajili ya jedwali ambalo halimo katika tasnifu yangu.

Basi, kabla hujagusa hata pipeti, upate barua inayokutaja kwa jina na kwa hadhi, iwe ni mwanafunzi mgeni au mtafiti mgeni, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Jina lako liingizwe katika kila kibali utakachofanyia kazi, uone kwa macho yako mwenyewe kwamba limeingia. Uliza nani atalipa ukiumia maabarani, na data utakayoizalisha pale itakuwa ya nani. Onyo la kwanza: cheti cha mafunzo ya usalama cha chuo chako mara nyingi hakitambuliwi kwingine, kwa hiyo usipoteze siku mbili kubishana, fanya mafunzo upya. Onyo la pili: profesa akisema «tutalishughulikia baadaye», hana nia mbaya, ila ana mambo mia kichwani na wewe ni la mia na moja. Mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo, na ofisi inayohusika uinakilishe. Onyo la tatu: mlango ukikukataa, usifurahie kufunguliwa na mwingine. Nenda ukaulize kwa nini umekukataa.

Hatua ya 7. Thibitisha kwamba posho na bima ya afya zinaendelea, na kwamba ada haidaiwi na vyuo viwili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8. Usiunganishe data ya kabla na ya baada ya kuhama bila kurudia majaribio ya kulinganishia. Maji ni mengine, chakula cha panya ni kingine, mashine imesawazishwa na mtu mwingine, na wanyama waliosafiri wanahitaji muda wa kutulia kabla hawajapimwa chochote. Sisi tulirudia jaribio moja la zamani mara tatu, na matokeo yalipolingana ndipo tukaendelea.

MASWALI YA WANACHAMA

Bundi wa Usiku: Mkuu, somo ni refu, sijalimaliza. Kwa kifupi, nikihama na profesa wangu kuna karatasi yoyote ninayotakiwa kuwa nayo?

Jibu: Hatua ya 6.

Bundi wa Usiku: Ila profesa ndiye aliyetualika, si atakuwa ameshamaliza yote?

Jibu: Ndugu, hicho unachokiuliza ndicho kilichonigharimu wiki saba. Nimekiandika kwa aya nne. Zisome.

Mchanga wa Pwani: Ahsante kwa somo. Maabara yetu haina wanyama, tuna plasmidi (vipande vidogo vya DNA vya mviringo) zipatazo mia mbili katika bakteria waliogandishwa. Je, kuna njia ya kuziokoa bila barafu kavu, ambayo kwa sasa haipatikani kabisa?

Jibu: Swali zuri, na jibu lake litakufurahisha. DNA ikiwa kavu huvumilia joto la kawaida kwa muda mrefu. Chukua plasmidi iliyosafishwa, dondosha mikrolita chache juu ya karatasi safi ya kuchujia, zungushia doa kwa penseli na uandike jina pembeni, acha ikauke, kisha itie katika bahasha. Ukifika, unakata doa, unalilowesha katika maji kidogo au bafa, halafu unaingiza maji hayo katika bakteria wapya. Maabara nyingi hutumiana plasmidi kwa njia hii hata pasipo maafa. Ikiwa bado hamjazisafisha na umeme upo kwa saa chache tu, anzeni na zile mlizotengeneza wenyewe, kwa sababu nyingine mnaweza kuziomba tena kwa aliyewapa.

Mchanga wa Pwani: Nimeshukuru sana. Nimeanza na ishirini za kwanza leo.

Daktari Mtarajiwa: Mimi nimepata barafu kavu, nimeitia katika chombo chenye kifuniko cha kukaza ili gesi isipotee, na kesho nasafiri nayo kwa gari kwa muda wa saa tisa. Je, itatosha?

Jibu: Kilegeze kifuniko hicho sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Gesi isipopata pa kutokea hujaza shinikizo mpaka chombo kipasuke. Ndani ya gari fungua madirisha njia nzima, maana kaboni dioksidi husukuma hewa ya kupumua na dereva husinzia bila kujua sababu. Baada ya hapo ndipo tuzungumze kama itatosha, na hesabu yake iko katika Hatua ya 5.

Daktari Mtarajiwa: Nimelegeza. Na kwa ndege je?

Jibu: Kwa abiria kikomo ni kilo 2.5, tena kwa ruhusa ya shirika la ndege, na kifurushi kiwe na mahali pa kutolea gesi. Zaidi ya hapo kinakwenda kama mzigo wa hatari, na hufungwa na mtu mwenye mafunzo hayo.

Kobe Mkongwe: Nadhani unatutia hofu bure. Sisi tulihama mwaka wa kwanza wa masomo yangu, hatukuandikishwa popote, na hakuna aliyetuuliza.

Jibu: Nafurahi kwamba hamkuulizwa, nami sikuulizwa kwa wiki saba. Sijaandika kwamba kila mtu hukamatwa. Nimeandika kwamba anayekamatwa hupoteza data, na kwamba barua ya kuzuia hasara hiyo ni ya ukurasa mmoja. Kama kazi yako haikuhusu wanyama wala binadamu, hali yako ilikuwa nyepesi kuliko yangu, na ungetuambia hilo tangu mwanzo.

Mgeni Ughaibuni: Je, sisi tunaosoma Marekani kwa viza ya F-1?

Jibu: Dada au kaka, ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako awe mtu wa pili kumpigia baada ya profesa. Anwani mpya inatakiwa iripotiwe ndani ya siku 10, hata kama unalala kwa rafiki. Usiache masomo wala usipunguze mzigo wa masomo kabla hajakubali. Pia fuatilia matangazo ya serikali, kwani baada ya Katrina ililegeza kwa muda baadhi ya masharti ya kazi na ya idadi ya masomo kwa wanafunzi wa F-1 walioathirika, na tangazo lenyewe lilitoka Novemba 2005, miezi mitatu baadaye. Katika kipindi hicho cha katikati, kinachokulinda ni kumbukumbu za mawasiliano yako na ofisa huyo.

Kijani Kibichi: Nyongeza kidogo. Andikeni majina ya mirija kwa penseli kwenye sehemu iliyokwaruzwa, au kwa lebo za kuchapwa, kwa maana kalamu nyingi za wino hufutika ethanoli ikimwagika. Halafu pigeni picha kila sanduku likiwa wazi.

Jibu: Nakubaliana nawe kabisa, na naongeza kwamba ramani ya jokofu isikae mlangoni pake peke yake. Ya kwetu ilikuwa karatasi iliyobandikwa hapo kwa mkanda, na bila picha ya simu ya mwenzetu mmoja tungebaki na masanduku ya mirija 81 yasiyo na tafsiri.

Kijani Kibichi: Na ile mbinu ya kuweka sarafu juu ya barafu ya kikombe? Ukirudi ukaikuta imezama, unajua jokofu liliyeyuka.

Jibu: Inafaa kwa jokofu la nyumbani. Kwa nyuzi hasi 80 inachelewa, kwa sababu barafu ya maji huyeyuka kwenye sifuri na RNA iliyo katika sampuli zako itakuwa imekwisha kuharibika zamani. Changanya ethanoli na maji pamoja na tone la rangi, ambavyo huganda chini zaidi ya sifuri kadiri ethanoli inavyozidi, ugandishe katika mrija uliosimama, kisha uupindue kichwa chini ndani ya jokofu. Ukikuta rangi imeshukia kwenye kifuniko, ujue baridi ilipotea.

Mchanga wa Pwani: Samahani kurudi tena. Je, jenereta ikiwa ghorofa ya juu tunaweza kutulia?

Jibu: Tazama na pampu ya mafuta iko wapi. Katika kimbunga Sandy cha 2012, hospitali ya Bellevue ya New York ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, lakini pampu za mafuta zilikuwa chini ya ardhi, zikafunikwa na maji. Kwa wanyama ni vivyo hivyo: mafuriko ya dhoruba Allison mjini Houston mwaka 2001 yaliua maelfu ya wanyama wa utafiti waliokuwa katika vyumba vya chini.

Mwaka wa Nne: Yangu ni tofauti kidogo. Profesa ameamua kubaki moja kwa moja katika chuo mwenyeji na anataka nihamishe usajili. Nimebakiza sura mbili.

Jibu: Usitie saini wiki hii. Uliza kwanza, kwa maandishi, chuo kipya kitatambua masomo yako mangapi, kama mtihani wako wa kufuzu utarudiwa, na kuna muda gani wa chini wa kusajiliwa kabla ya kutunukiwa shahada. Kisha uliza chuo chako kama profesa anaweza kuendelea kukusimamia kutoka nje, pamoja na msimamizi mwenza wa ndani. Kwa mtu aliyebakiza sura mbili, njia hii ya pili mara nyingi huwa fupi. Majibu ukiyapata yalete hapa, ila ondoa majina ya vyuo, nami nitayasoma pamoja nawe.