SOMO: Namna ya kufanya mazishi yafanane na marehemu mwenyewe, yasifanane na ya jirani

Haya wadau, somo ambalo watu wamekuwa wakiniomba inboksi ndo hili. Ukienda mazishi huku kwetu Uganda, iwe Tororo iwe Mukono iwe Koboko, mara nyingi unakuta kitu kile kile, hema tatu, viti vya plastiki vya kukodi, spika zinapiga kelele, MC anamsifia mbunge, alafu wasifu unasomwa mbio mbio: alizaliwa mwaka fulani, akasoma praimari fulani, akaoa, ameacha watoto kadhaa, alikuwa mtu wa watu. Ukifuta jina ukaandika la mtu mwingine hakuna kitakachobadilika. Mimi nakaa kwenye kamati ya mazishi ya munno mukabi yetu (chama cha kusaidiana wakati wa shida) kitambo sasa, na wafiwa nawaambia jambo moja: siku ya kuzika chagueni kitu kimoja tu cha marehemu mkifanye vizuri, hayo mengine yawekeni kwa ajili ya olumbe (sherehe ya Baganda ya kumaliza msiba), au guru lyel ambayo ni kama hiyo kwa Waacholi, au arobaini, au misa ya kutimiza mwaka. Sisi tunaaga mtu mara mbili. Mara ya kwanza watu bado wana mshtuko na jua linawakimbiza, mara ya pili ndo wamepumua, sasa kwa nini mbanane na kila kitu siku ile ya kwanza?

Hatua ya 1: Kusanya hadithi usiku wa matanga

Hii ndo hatua kubwa, ukiiruka hizo zingine hazina maana. Usiku watu wakishakaa kwenye moto, mpe kijana mmoja daftari la shule au simu ya kurekodi azunguke polepole. Asiulize "marehemu alikuwa mtu wa namna gani" maana atajibiwa alikuwa mtu mzuri, basi. Aulize vitu vidogo: alikuwa anachukia nini? Ukienda kumkopa alikuwa anakujibuje? Akiwa peke yake jikoni alikuwa anaimba nini? Nani alikuwa anamwogopa? Wazee waulizwe mapema kabla usingizi haujawachukua, na wale wa kazini kwake wasisahauliwe, maana kuna baba ambaye nyumbani hasemi neno lakini kwenye steji ya boda yeye ndo mchekeshaji wa wote.

Kuna mama mmoja tulimzika upande wa Busia, alikuwa muuza samaki, anachukua mzigo Majanji anauleta sokoni. Daftari lilijaa lakini kitu kilichotajwa na karibu kila mtu ni kikombe chake cha bati. Ukinunua mukene (dagaa) anakupimia na kile kikombe, alafu anatia mkono kwenye gunia anakuongezea kiganja kimoja anasema "hiyo ya mtoto", hata kama wewe ni mseja na unaishi kwenye muzigo (chumba kimoja cha kupanga) peke yako.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja, kipe nafasi kwenye programu

Kwa yule mama jibu lilikuwa wazi. Ilipofika wakati wa rambirambi, wenzake wa sokoni hawakupitisha kikapu, walipitisha kile kikombe, na kila kilipojaa mmoja wao anaongeza noti juu anasema "hiyo ya mtoto". Watu walicheka huku wanalia. Haikugharimu hata shilingi.

Kama ni dereva wa trela wa njia ya Malaba, wenzake wakipiga honi mara moja jeneza linapotoka inatosha. Shabiki wa timu ya mpira ya Express? Kitambaa chekundu mkononi, sio lazima fulana za kuchapisha za watu mia. Na hapa niseme wazi, mimi hizi fulana zenye picha ya marehemu sizipendi sana, zinakula pesa ambayo mjane angeihitaji mwezi unaofuata, alafu baada ya muda unaikuta imekuwa ya kulimia. Lakini kama ukoo umekubaliana sawa, sio vita yangu.

Hatua ya 3: Wasifu

Dakika nne au tano, yaani karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Shule na vyeo viende kwenye programu iliyochapishwa, atakayetaka asome mwenyewe. Mdomoni ziwekwe hadithi mbili tatu kutoka kwenye lile daftari, na asome mtu mmoja asiyevunjika haraka, mjukuu mkubwa mara nyingi anaweza kuliko mtoto wa kuzaa. Muwe na nakala ya pili mfukoni mwa mtu mwingine, akishindwa katikati mwenzake anaendelea hapo hapo.

Lugha nayo ipangwe. Familia zetu zimechanganyika, marehemu Mkakwa aliyekuwa askari, mke Msamia, wakwe Baganda, sasa mkitafsiri kila neno muda unazidi mara mbili tatu na kaburi linasubiri. Chagueni lugha moja ya kusomea, nyumba nyingi za kambi za askari ni Kiswahili tu kinachowaunganisha, alafu mtu mmoja atoe ufupisho kwa lugha ya wazee.

Hatua ya 4: Onana na mchungaji, padri au shehe MAPEMA

Ibada ina utaratibu wake na yeye ndo mwenye hiyo sehemu. Mpelekee programu siku moja kabla, muonyeshe wimbo gani mnataka na wapi. Mambo ya kwenu kama adungu (kinubi), matarumbeta, honi, ngoma, yanakaa vizuri wakati wa salamu kabla ibada haijaanza. Na kama mmetangaza kuzika saa kumi jioni, ibada isianze baada ya saa nane, rudini nyuma mhesabu salamu zianze saa ngapi.

Hatua ya 5: Picha na sauti

Picha ya kitambulisho cha taifa muiache jamani, hakuna mtu anafanana na ile picha. Tafuteni ile ya harusi ya mtu, au ya Krismasi, ambayo anacheka. Kama ni ya karatasi iwekwe karibu na dirisha ipigwe na simu bila flashi, mwanga wa asubuhi ndo mzuri.

Sauti watu wengi wanasahau. Vile voisi vya WhatsApp alivyokuwa anatuma kwenye grupu la familia, kimoja kifupi cha kusalimia kinaweza kupigwa kwenye spika, lakini mjane au mgane na mama mzazi waambiwe kabla, wasishtukizwe.

Hatua ya 6: Lubugo

Kwa Baganda lubugo sio pambo, ni sehemu ya kumzika mtu. Ni kitambaa kinachotokana na gome la mti wa mutuba, linagongwa na nyundo za mbao mpaka linapanuka, na UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Kama marehemu sio Muganda lakini mnapenda, kipande cha kufunikia meza ya picha kinapendeza kuliko satini. Ila waulizeni wazee wa pande zote kwanza, kuna walokole hawakitaki kabisa.

Hatua ya 7: Yale mengine

Lile daftari mlihifadhi. Siku ya olumbe, wakati mrithi anasimikwa, ndo muda wa kusoma hadithi ndefu, kupika chakula alichokipenda, kupanda mti, kuleta watu wa kyeyo (wanaofanya kazi nje ya nchi) waliokosa mazishi. Hapo hamna haraka ya jua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Bombo: Sisi ni Wanubi, mzee akifa asubuhi alasiri ameshazikwa. Hayo ya daftari na picha tunayafanya saa ngapi?

Jibu: Siku ile msiongeze kitu mzee wangu. Kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa, kuzikwa, imekamilika. Kwenu daftari linazunguka siku zinazofuata watu wakija kutoa pole. Kama familia yenu hufanya hitima au arobaini (kuna masheikh hawaikubali, muulizeni imamu wenu), hadithi zisemwe hapo baada ya dua. Na sadaka ndo inaweza kubeba tabia yake: alikuwa anapenda kufundisha watoto, pelekeni misahafu madrasa, alikuwa mtu wa shamba, pandeni miembe msikitini.

Mdau wa Tororo: Wanasiasa je? Sisi walichukua maiki masaa mawili, mtoto wa marehemu akapewa dakika tatu.

Jibu: Banange, hiyo tunaijua wote. Familia iongee KWANZA, ndo dawa, sio mwisho. Alafu kwenye programu andikeni "wageni waheshimiwa watawakilishwa na mmoja", mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awasaidie kuchagua huyo mmoja, na MC akabidhiwe hiyo karatasi mbele ya mzee wa ukoo ili asiseme hakujua. Akifika mheshimiwa kachelewa anatambulishwa, anapunga mkono, anakaa.

Mdau wa Jinja: Na kama marehemu alikuwa msumbufu? Kaka yetu pombe ilimmaliza na kijiji kizima kinajua. Tuseme nini?

Jibu: Msimfanye malaika, watu watatazamana na watoto wake wataona. Msimwanike pia. Ongea na mke wake kwanza, yeye ndo anaamua mpaka uishie wapi. Akikubali, sentensi moja inatosha: "pombe ilimsumbua, ikatusumbua na sisi, na tulimpenda." Alafu uende moja kwa moja kwenye yale aliyoyaweza, maana yapo, mwingine alikuwa fundi hodari, mwingine hakuwahi kumpiga mtoto. Akikataa, nyamaza kuhusu pombe, sema mazuri yaliyo ya kweli tu hata kama ni mawili, na ushuke.

Mdau aliye Dubai: Niko kyeyo siwezi kuja. Wanirushie laivu?

Jibu: Jaribuni, lakini mtandao kijijini siku kuna watu wengi unakatika kila saa, utabaki unaangalia duara linazunguka. Bora mtu mmoja arekodi wasifu na kuteremsha jeneza akutumie usiku. Wewe leo hii rekodi salamu zako dakika moja, mtumie huyo mwenye spika na sio grupu, zitapotea. Na waambie wasipige picha uso wa marehemu.

Mdau wa Arua: Simu ya mama bado tunayo, hizo voisi zinakaa mpaka lini?

Jibu: Msichelewe. Akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 inafutwa. Fungua hiyo simu, ingia kwenye maongezi yake na kila mmoja wenu, hamisha mazungumzo pamoja na midia, yatume kwa imeli ya watu wawili. Na nyinyi pia kwenye simu zenu voisi zake mziwekee nyota mzipate upesi, alafu mzihamishe vile vile nje ya WhatsApp, mtu akibadilisha simu ndo huwa zinaondoka.