Jinsi ya kudai fidia Kenya ukigongwa na gari kwenye makutano ukiwa kwenye pikipiki

Anza kwa kuelewa unamdai nani. Kesi hufunguliwa dhidi ya dereva na mwenye gari. Kampuni ya bima haishtakiwi mwanzoni. Yenyewe hulipa kile ambacho mahakama imemwamuru mteja wake alipe, mradi iwe ilipewa notisi ya kesi. Mtu anaweza kushinda kesi na akakosa pesa kwa kukosa notisi hiyo moja, kwa hivyo tutairudia huko mbele.

Muda nao unahesabiwa. Una miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama uligongwa na gari la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kuendelea na matibabu au na mazungumzo na kampuni ya bima hakusimamishi saa hiyo.

Pale barabarani

Kama huwezi kusimama, mpe mwenzako wa stejini simu apige picha. Zinazohitajika: nambari ya usajili ya gari, cheti chake cha bima (jina la kampuni, nambari ya cheti, tarehe ya kuisha), na magari yalivyolala kabla hayajasogezwa. Kisha apige picha za vioo vilivyovunjika, alama za breki, mstari wa kusimama, kibao cha "toa nafasi" na taa. Ajali ya makutano huamuliwa na swali moja: nani alipaswa kumngoja mwenzake? Dereva anayetoka barabara ndogo humngoja aliye kwenye barabara kuu. Anayekata kulia humngoja anayekuja moja kwa moja kutoka mbele. Anayeingia raundabauti humngoja aliye tayari ndani. Vioo na uchafu uliodondoka huonyesha mlipogongania, na hapo ndipo uongo wa "pikipiki iliingia upande wangu" huumbuka.

Chukua majina na simu za mashahidi wawili watatu ambao hawakuwa nawe. Kama kuna kamera kwenye petroli steshen au duka la pembeni, omba picha hizo zihifadhiwe siku hiyohiyo, kwa sababu mashine nyingi hufuta za zamani na kurekodi juu yake.

Kituo cha polisi

Ripoti uandikiwe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Dereva aliyekugonga anatakiwa kisheria kusimama na kutoa majina yake, la sivyo aripoti polisi ndani ya saa 24; usimtegemee akuripotie wewe. Kutoka kituoni unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni fomu ya P3, ya kueleza majeraha yako, ambayo polisi hujaza sehemu yao kisha daktari akamalizia. Cha pili ni abstrakti ya polisi, inayotaja magari, wenye magari, madereva, kampuni ya bima na waliojeruhiwa.

Isome abstrakti hapohapo dirishani. Herufi moja ikikosewa kwenye nambari ya gari, utakuwa umemshtaki mtu mwingine. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kwamba umewekwa kama dereva au abiria kulingana na ukweli. Ikiwa inasema uchunguzi bado unaendelea, ichukue, lakini rudi kuulizia: je, mchoro wa eneo la ajali ulichorwa, na dereva ameshtakiwa? Abstrakti huthibitisha kwamba ajali ilitokea, haisemi nani mwenye makosa. Askari akija mahakamani bila mchoro na bila faili, hakimu hubaki na neno lako dhidi ya la dereva, na mara nyingi lawama hugawanywa nusu kwa nusu. Dereva akihukumiwa na mahakama ya trafiki, chukua nakala ya hukumu hiyo, maana ni ushahidi mzito katika kesi yako.

Hospitali na hesabu

Weka kadi ya matibabu ya siku ya kwanza, picha za eksirei, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini na kila risiti. Ankara peke yake huonyesha ulichodaiwa, haionyeshi ulicholipa, na mahakama hailipi gharama isiyothibitishwa. Jeraha likishatulia, daktari huandika ripoti ya kina: mfupa gani, ulemavu wa kiasi gani, matibabu gani yajayo. Upande wa bima kwa kawaida utataka daktari wao akuone pia, nenda.

Mwendesha boda hana hati ya mshahara, lakini taarifa ya M-Pesa, kitabu cha sacco au makubaliano ya mkopo wa pikipiki vinafaa. Mahakama ya Rufani imeshasema karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kipato. Usipoleta chochote, huenda hakimu akatumia kima cha chini cha mshahara.

Kofia na jaketi linaloakisi mwanga ni lazima kisheria, na kukosa kofia huku umeumia kichwa kutapunguza fidia. Ukipewa Sh600,000 na kuonekana una lawama asilimia 30, utabaki na Sh420,000. Kukosa leseni ni kosa la trafiki, ila hakuthibitishi peke yake kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali.

Barua, notisi, mahakama

Tafuta rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili ujue limesajiliwa kwa nani. Aliyesajiliwa huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo. Mwandikie yeye na dereva barua ya madai, nakala kwa kampuni ya bima. Kisha ipe kampuni notisi ya kesi kwa maandishi kabla ya kufungua au siku unayofungua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Dai lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha. Kubwa zaidi huenda kwa hakimu. Bima ya lazima hulipa mpaka Sh3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Abiria wako aliyeumia awashtaki wote wawili, wewe na mwenye gari, kisha mahakama igawanye lawama kati yenu.

Jihadhari na anayekujia wodini akisema ametumwa na wakili. Kutafuta wateja hivyo kumekatazwa, na makubaliano ya kumlipa wakili ukishinda tu hayana nguvu kisheria. Usitie sahihi hati ya kupokea malipo ya mwisho kabla ripoti ya daktari haijatoka, kwani ukishasaini huwezi kurudi mguu ukikataa kupona.

Kampuni ikigoma kulipa baada ya hukumu, sasa ndipo unaishtaki yenyewe. Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni ile nakala ya notisi yenye muhuri.