Namna ya Kuandika Historia ya Maonesho ya Kilimo Pemba

Anayetaka kuandika historia ya maonesho ya kilimo hapa Pemba hushawishika kuanza na viongozi waliokuja kuyafungua, kwa sababu majina yao ndiyo yanayopatikana kwa urahisi magazetini. Nakushauri uanze na mazao. Ukishajua kilichopangwa mezani mwaka fulani, na aliyekibeba kutoka bondeni mpaka uwanjani, utakuwa umekamata historia ya kilimo chenyewe, na hotuba zitapata nafasi yake baadaye.

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, jipatie msingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shina la zao hilo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wananchi waligawiwa mashamba ya eka tatu, na karafuu zikawa zinauzwa kwa Serikali kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Mambo haya yatakusaidia kutofautisha meza na meza: mkulima aliyeleta karafuu alionesha zao la kuuza, lakini aliyeleta muhogo, majimbi au mpunga wa bondeni alionesha chakula cha nyumba yake, na hadithi zao hazifanani hata kama walisimama bega kwa bega.

Kisha nenda kwa wazee, na hapa usifanye haraka. Piga hodi baada ya sala ya Laasiri, amkia, kaa barazani, na usianze kwa kuuliza mwaka. Uliza juu ya kitu. Bibi mmoja upande wa Wete alinijibu mara tatu kwamba hakumbuki chochote, mpaka nilipomuuliza walikuwa wakipimia nini. Aliingia ndani akatoka na pishi ya bati, ukingo wake umebonyea upande mmoja, akanionesha kwa kiganja namna ya kufuta karafuu zilizozidi juu ili mchumaji asipunjwe wala mwenye shamba asidhulumiwe. Kutoka kwenye pishi ile tulifika wenyewe kwenye maonesho, kwenye mkungu wa ndizi alioupeleka, na kwa bwana shamba aliyemsaidia kuupakia garini.

Tarehe ndizo zinazowapoteza waandishi wengi. Kabla ya Nane Nane, siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na wazee wengine huzitaja siku hizo mbili kana kwamba ni moja. Kwa hiyo, mtu akisema “siku ya wakulima”, muulize kama ulikuwa mwezi wa saba au wa nane kabla hujaandika. Njia nyingine ambayo imenifaa sana ni Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, basi mtu akikumbuka kwamba walisimamia meza ya Nane Nane huku wamefunga, hesabu inakuongoza: tarehe 8 Agosti ilikuwa ndani ya Ramadhani mwaka 2011 na 2012, na mwaka 2013 iliangukia ukingoni, palipokutana Ramadhani na Idi. Niliwahi kuandika mwaka usio sahihi kwa kutofanya hesabu hii, na cheti kilichotunzwa kabatini na familia ya mkulima ndicho kilichonisahihisha.

Maandishi yatafute baada ya mazungumzo, si kabla, ili ujue unatafuta nini. Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, Unguja, na ripoti za zamani za Idara ya Kilimo zimeandikwa kwa Kiingereza. Nakili namba ya faili na ukurasa hapo hapo. Picha zigeuze nyuma, kwani mara nyingi jina la kijiji limeandikwa kwa kalamu.

Palipo na tofauti kati ya faili na mzee, usimfute mmoja. Andika zote mbili, useme kila habari umeipata wapi, kisha urudi barazani na rasimu, uisome kwa sauti mbele ya aliyekusimulia, na umwachie nakala moja.