Piga: jinsi ya kulisoma na kulitumia bila kuchekwa

Ukilitafuta «piga» kwenye kamusi utakuta ukurasa mzima wa maana, na ukijaribu kuzikariri zote utachoka kabla ya kufika katikati. Njia fupi ni kuliacha neno lenyewe kwanza ukaangalia linachofuatana nacho. Peke yake, piga ni kugonga au kuchapa. Likipata nomino nyuma yake, nomino ndiyo inayobeba maana: kupiga deki ni kusafisha sakafu kwa maji, kupiga lipu ni kazi ya fundi ujenzi, kupiga soga ni mazungumzo ya kupitisha muda, kupiga chafya hakuna anayegongwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: soma hadi neno linalofuata, na likiwa na kivumishi, soma hicho pia. «Pasi» inaonyesha kwa nini. Anayepiga pasi shati ananyoosha nguo. Kiungo akipiga pasi amempa mwenzake mpira. Lakini kijana wa Dar es Salaam akikwambia leo anapiga pasi ndefu, na hakuna mpira wala uwanja karibu, maana yake amekula asubuhi kwa kuchelewa na mchana hali, anasubiri usiku. Ukimjibu habari za soka utakuwa umepotea.

Hatua ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, hasa waliojifunzia Kiswahili ukubwani: nani anapigwa, na nani anapigiwa? Irabu moja inabadilisha kila kitu. Umati ukimpigia mtu makofi, umemshangilia. Ukimpiga makofi, apelekwe zahanati. Vivyo hivyo «nimempiga simu» ni kumgonga mtu kwa simu, sahihi ni «nimempigia». Kwa kawaida, anayefikiwa na sauti, heshima au faida huchukua -ia: kumpigia simu, kumpigia kura, kumpigia debe, kumpigia magoti. Anayeguswa na tendo lenyewe hachukui: kumpiga teke, kumpiga jeki (yaani kumsaidia), kumpiga chenga, kumpiga picha. Hapo kwenye picha kuwa mwangalifu. «Nimempiga picha bibi harusi» maana yake yeye ndiye anayeonekana pichani. «Nimempigia picha» maana yake umeifanya kazi hiyo kwa ajili yake, na pengine pichani ipo keki tu. Kwenye karatasi ya mtihani ni «pigia mstari jibu sahihi», si «piga mstari jibu sahihi».

Mzinga unaonyesha hatua zote mbili kwa pamoja. Rais mgeni hupigiwa mizinga 21. Wewe, mwisho wa mwezi, hupigwa mzinga na rafiki: anakuomba hela.

Kauli ya kutendwa ina mitego yake mtaani. «Umepigwa!» akisema mtu anayekagua viatu ulivyonunua Kariakoo kwa 40,000 ilhali bei yake ni 20,000, anamaanisha umeuziwa ghali. Ikifuatwa na idadi, kama «tumepigwa tatu», ni mabao. «Amepigika» ni mtu ambaye maisha yamemchakaza. Na usichanganye kupiga bei na kuuliza bei: aliyepiga bei simu yake ameshaiuza. Aliyepigwa chini ameachwa na mpenzi au amekataliwa.

Nomino zinazotokana na neno hili zisibadilishane nafasi. Pigo ni msiba au hasara, na pia mdundo: mapigo ya moyo. Kipigo ni kichapo, uwanjani hata nyumbani. Mpiga kura na mpiga picha ni watu wa heshima zao. Mpiga debe yuko stendi akiita abiria. Lakini «mpigaji» peke yake, bila nomino nyuma, kwa Tanzania ya leo ni mla fedha za watu, na «upigaji» ni ubadhirifu. Ukiandika ripoti ya ofisi, andika ubadhirifu. Kupiga marufuku, kupiga hatua, kupiga kura na kupiga msasa hazina tatizo kwenye maandishi rasmi: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na hakuna mhariri atakayekata sentensi hiyo. Chabo (kupiga chabo ni kuchungulia kwa siri), mzinga, bei na chini ziache kijiweni.

Mipaka nayo ina maneno yake. Anayevaa vizuri Nairobi anapiga luku. Dar es Salaam anapiga pamba.

Jipime kwa sentensi hii: «Jirani kanipigia simu, kanipiga mzinga, nikampiga chenga.» Jirani alitumia simu, akaomba hela, nawe ukamkwepa. Kama umesoma ugomvi wa ngumi na mpira wa miguu, rudi kwenye makofi.