Mbwa wako akizeeka ughaibuni: usiyaite maumivu uzee

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki hatukuwahi kuishi na mbwa mzee. Mbwa wa kulinda boma alikufa mapema kwa kugongwa na gari, kwa sumu, au kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyachunguza. Hapa Uingereza, kwa chanjo na chakula cha uhakika, mbwa wengi hufika miaka 12 na zaidi. Wale wa umbo kubwa, kama Great Dane, huzeeka mapema, tangu miaka sita au saba. Jack Russell anaweza kufika kumi na bado anaruka uzio. Kwa hiyo usihesabu miaka peke yake. Mtazame mbwa mwenyewe, na akishaingia uzeeni mpeleke kwa daktari wa mifugo kila miezi sita hata kama huoni tatizo.

Akisita kwenye ngazi, akichelewa kuinuka asubuhi, akilamba kiungo kimoja hadi manyoya yakabadilika rangi, au akimng'akia mtoto aliyemgusa kiunoni, tafadhali usiseme "ni uzee tu." Mara nyingi hiyo ni yabisi ya viungo, na yabisi inauma. Mbwa halii kwa maumivu ya kila siku. Hupunguza mwendo, akaacha mchezo mmoja baada ya mwingine, nasi tukadhani ametulia. Nimeona mbwa wa miaka 11 akirudia kumkimbilia mmiliki wake mlangoni wiki chache baada ya kuanzishiwa dawa, na tangu hapo siwezi kunyamaza ninaposikia neno hilo "uzee tu."

Kabla ya kwenda kliniki, mrekodi kwa simu akiinuka na akitembea nyumbani, maana mbele ya daktari hofu humfanya atembee kama mzima. Daktari huanza kwa kawaida na dawa za maumivu kama meloxicam au carprofen, akipima damu kuangalia figo na ini. Ipo pia sindano ya kila mwezi iitwayo Librela. Imewasaidia mbwa wengi, lakini uliza kuhusu madhara yake: Desemba 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaandikia madaktari wa wanyama kuhusu madhara yaliyoripotiwa, yakiwemo ya mishipa ya fahamu. Uamuzi ufanywe kwa kumtazama mbwa wako.

Usimpe dawa kutoka kabatini kwako. Nyumba zetu hazikosi Panadol, Brufen na diclofenac, nyingine zimetoka nyumbani kwenye sanduku la safari. Ibuprofen, iliyomo kwenye Brufen, humtia mbwa vidonda vya tumbo na kuua figo. Paracetamol, ndiyo Panadol, huharibu ini na chembe za damu. Kama ameshameza, piga simu kliniki papo hapo, usingoje dalili.

Nyumbani, sakafu ya mbao au vigae ndiyo adui wake mkubwa. Tandika mazulia yasiyoteleza kuanzia anapolala hadi kwenye maji na mlango. Kata kucha. Mpe godoro nene mbali na mlango unaopitisha baridi, na badala ya matembezi ya saa nzima mpe mafupi mara tatu au nne.

Kupunguza uzito pia ni tiba. Katika utafiti wa Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, uliochapishwa 2002, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na yabisi iliwachelewa. Pitisha viganja ubavuni mwake: usipozihisi mbavu kwa urahisi, amenenepa. Mabaki ya pilau na mchuzi yana vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Chingamu isiyo na sukari yenye xylitol, kitamu cha badala ya sukari, ni sumu kali. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kumchoma ndani.

Dalili nyingine usizisubirishe. Akinywa zaidi ya mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku (lita mbili kwa mbwa wa kilo 20), apimwe figo, kisukari na homoni. Hesabu pumzi zake akiwa usingizini: zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, moyo au mapafu yaangaliwe. Uvimbe wowote mpya uchomwe sindano na kupimwa, kwa sababu hata daktari hawezi kuutambua kwa kuugusa tu. Jike asiyefungwa kizazi akianza kunywa sana, kukosa hamu ya kula na kutoka usaha, mpeleke siku hiyo hiyo. Na mbwa anayezunguka usiku, anayebweka ukutani au kusahau mlango anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo wa uzeeni. Kwa huyo taa ndogo ya usiku na ratiba isiyobadilika husaidia sana.

Wanaofanya zamu za saa 12 wapange mtu wa kumtoa mchana, kwani kibofu cha mzee hakisubiri. Bima usiihamishe ovyo: kampuni mpya haitalipia maradhi ambayo tayari anayo, na nyingi hudai uchangie asilimia fulani ya bili mbwa akizeeka. Una haki ya kuomba daktari akuandikie dawa ukanunue kwenye duka la mtandaoni, mara nyingi kwa bei nafuu. Wanaopokea baadhi ya mafao ya serikali waulize PDSA, shirika la hisani linalotibu wanyama. Ndugu nyumbani wanaweza kushangaa fedha hizi, na nawaelewa, ila sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 huku England na Wales inamtaka mwenye mbwa amkinge na maumivu. Bajeti ya mbwa ikae pembeni ya ada za watoto tangu mwanzo.

Likizo ya Desemba isikufanye umbebe. Kurudi naye Uingereza kutoka Kenya au Tanzania kunahitaji chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, damu ipimwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Kwa mzee, safari ya mizigo ya ndege ni mateso. Mtafutie mtu wa kukaa naye nyumbani kwako, umwachie orodha ya dawa na saa zake, namba ya kliniki, na idhini ya maandishi ya matibabu yenye kikomo cha fedha.

Ukifika wakati wa kufikiria sindano ya mwisho, ya kumfisha bila maumivu, weka alama kwenye kalenda kila jioni, siku njema au mbaya. Mbaya zikizidi njema, zungumza na daktari. Anaweza kuja nyumbani ukimwomba mapema. Amueni kabla kama mwili wake utachomwa moto au utazikwa, na watoto waambiwe wazi kwamba anakufa, si kwamba amesafiri. Halafu toa taarifa kwenye hifadhi ya namba za chipu na kwa bima ili makato yasimame. Blue Cross, shirika jingine la hisani la wanyama, wana huduma ya simu kwa waliofiwa na mnyama, na unaweza kuitumia hata kabla hajafa.