Nani Atalala Wapi? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Likizo ya Familia na Kabla ya Kupanga Chumba cha Kwanza

Familia nyingi za Dar es Salaam zikijiandaa kwenda nyumbani Desemba huanza na nauli na kumalizia na zawadi: sukari, mchele, kitenge cha bibi. Malazi huachwa mpaka usiku wa kwanza, watu wameshakula, watoto wanasinzia kwenye makochi, ndipo shangazi anapouliza kwa sauti ya chini, "Sasa hawa tunawalaza wapi?" Kijana anayepanga chumba chake cha kwanza naye hufanya yaleyale. Anaulizia kodi, maji na umeme, halafu siku ya kuhamia kitanda kinagoma mlangoni. Mambo haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu kwetu hayaachani: ukishapata chumba mjini, ukoo mzima umepata pa kufikia.

Kabla ya safari

Usimuulize mwenyeji kama kuna nafasi. Jibu linajulikana: "Njooni tu, hatukosi pa kulala." Hakuna mjomba atakayekuambia nyumba imejaa, hata kama vijana wake wanalala jikoni. Uliza vitu vinavyohesabika. Kuna magodoro mangapi ukiacha yanayolaliwa? Vyandarua je? Choo kiko ndani au nje? Nani mwingine anakuja wiki hiyohiyo? Swali la mwisho ndilo husahaulika, na Desemba ndilo lenye uzito, maana dada wa Mwanza na kaka wa Arusha nao wameambiwa njooni tu.

Ukishapata majibu, chukua karatasi uandike majina ya watu, si idadi ya vyumba. Anza na wazee. Babu mwenye magoti mabovu hawezi kulala kwenye godoro la chini, kwa sababu akiamka saa nane usiku kwenda chooni atahitaji mtu wa kumnyanyua. Mpe kitanda cha kimo cha kawaida, kisichopakana na ukuta upande wa kushukia, chumba kilicho karibu na choo. Kama choo ni cha nje, tochi yake iwe mahali anapopafikia kwa mkono, na betri ziwe zimejaribiwa. Anayefuata ni mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto alazwe chali kwenye godoro gumu kidogo, bila mito kumzunguka, na asilale kochini na mtu mzima aliyechoka na safari, kwani anaweza kubanwa kati ya mtu na mgongo wa kochi bila mtu kujua.

Baada ya hapo ndiyo yanakuja mambo ya heshima, na hapa kila nyumba ina yake. Zipo jamii ambazo mkwe hawezi kulala paa moja na wakwe zake. Kwa Wajaluo, kwa mfano, kijana aliyekua hujengewa simba, yaani kibanda chake cha ujana, ndani ya boma ili asilale kwenye nyumba ya mama yake. Waislamu wana mafundisho ya kuwatenganisha watoto kwenye malazi wanapofikisha miaka 10. Nyumba nyingine mgeni aliyeoa hulazwa na wanaume na mkewe akaenda kwa wifi zake, wala hakuna aliyekasirika. Kama umeoa mtu wa kabila jingine, mweleze kabla hamjapanda basi. Kugundua ukumbini, mbele ya mama mkwe, kwamba usiku huu hamlali pamoja ni mwanzo mbaya wa likizo.

Watoto ndio rahisi kuwapanga, na ndio wa kuwaangalia zaidi. Godoro la sita kwa sita likilaliwa kwa kukingama linabeba watoto wadogo wanne, kila mmoja na futi yake moja na nusu. La nne kwa sita linatosha watatu wakilala mzungu wa nne, ilimradi mmoja wao asiwe mpiga mateke. Kwa kikojozi, beba kipande cha nailoni ngumu kilichokatwa upana wa godoro, kitandikwe chini ya shuka, na wewe mzazi ndiye ukitandike mwenyewe bila kutangaza. Mtoto wa miaka saba anakumbuka aibu ya mbele ya binamu zake kwa muda mrefu kuliko anavyokumbuka mlima aliopelekwa kuuona.

Jambo moja nalisema waziwazi. Mtoto asilazwe kitanda kimoja na mtu mzima ambaye si mlezi wake wa kila siku kwa sababu tu hapo ndipo pana nafasi. Si mjomba, si mgeni wa mjomba, si dada wa kazi wa nyumba ile. Huna haja ya kumshuku mtu wala kueleza sana. Sema watoto wamezoea kulala pamoja, kisha watandikie sakafuni chumba cha bibi. Watu wengi wanaogopa kuonekana wanaringa wakilitaja hili. Bora uonekane unaringa.

Nyumba isipotosha vyumba, doti ya kanga na kamba vinafanya kazi kubwa. Misumari miwili, kamba ya katani, kanga moja imening'inizwa katikati ya sebule: wavulana huku, wasichana kule. Kanga ya pili inakuwa shuka. Sakafu ya saruji inapitisha baridi na unyevu, kwa hiyo chini ya godoro tangulizeni mkeka au busati, na asubuhi godoro liegemezwe ukutani lipigwe hewa. Likiachwa pale pale wiki nzima upande wa chini utaota kuvu.

Hali ya hewa nayo haisamehi. Anayetoka Dar na shuka nyepesi mwezi wa Juni kwenda Lushoto, Mufindi au Njombe, ambako mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, atalala na koti. Mwenyeji ana mablanketi ya watu wake. Ya kwenu bebeni, hata kama buti la basi limejaa. Soksi na kofia za watoto zikae kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya begi kubwa. Na kwa yeyote atakayeona ni busara kuacha jiko la mkaa chumbani ili watoto walale kwenye joto: usithubutu. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi na kikohozi kama kwenye moshi. Anazidi tu kulala. Kila msimu wa baridi hutokea familia zinazokutwa zimekufa hivyo. Jiko lipashe chumba wakati mko macho na mlango uko wazi, kisha litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Wanaoteremka pwani, Tanga au Bagamoyo au Unguja, wana tatizo la kinyume: joto na mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni mpaka alfajiri, kwa hiyo chandarua kinahusu hata kile kikundi cha watoto kilicholazwa sebuleni, ambacho ndicho kwa kawaida hukosa. Beba cha akiba, kamba na misumari michache. Kama ni kipya chenye dawa, kitoe kwenye mfuko ukianike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia, si juani, maana jua hupunguza nguvu ya dawa.

Ikidhihirika kwamba hamtoshi, semeni mapema kwamba baadhi yenu mtalala gesti na mtashinda nyumbani. Likisemwa wiki mbili kabla ni mpango. Likisemwa usiku wa kwanza ni tusi. Kwenye gesti ulizia kama wanaruhusu godoro la ziada chumbani na wanalitoza kiasi gani. Ziko pia zisizokubali wanaume wawili watu wazima kulala chumba kimoja, hata wakiwa baba na mwanawe, hivyo uliza kabla ya kulipa. Watu wazima wabebe vitambulisho kwa ajili ya kitabu cha wageni. Kisha, kabla begi halijatua kitandani, funua shuka kwenye kona za godoro uangalie mishono kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu, au maganda ya rangi ya kahawia, ni kunguni. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hao wa gesti ukipeleka tochi utawajua bila kulala. Ukiwaona, omba chumba kingine kisichopakana na hicho, au ondoka. Mkirudi nyumbani, nguo zilizolala chini zifuliwe kwa maji ya moto kabla hazijaingia kabatini.

Kabla ya kulipa kodi

Chumba cha kwanza kina hesabu yake, na hesabu hiyo hufanywa na futi kamba kabla dalali hajapokea chochote. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi mitatu au sita, na dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake. Ukishalipa umefunga ndoa na kuta zile. Pima urefu na upana wa ndani, upana wa mlango, na ukuta upi hauna dirisha wala soketi. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinasikika kikubwa mpaka uweke kitanda cha sita kwa sita, ambacho fremu yake huongeza inchi kadhaa kila upande. Ukiongeza kabati na meza, unabaki na njia ya kupita ubavu ubavu, na mlango unaofunguka nusu. Kwa mtu mmoja, nne kwa sita inatosha. Tano kwa sita ni kama umeshajua kuna mtu anakuja.

Nenda ukakione chumba mara mbili, mchana na usiku. Mchana saa tisa shika ukuta wa magharibi kwa kiganja. Kama hakuna dari na bati liko wazi, joto hilo utalala nalo mpaka saa sita. Usiku sikiliza. Baa iliyofungwa mchana haionekani kuwa baa. Angalia pia kona za chini za ukuta na nyuma ya pazia la mpangaji anayehama: rangi iliyovimba na kubanduka ni unyevu, na ukiegemeza godoro pale litaoza. Dirisha lenye wavu uliotoboka si sababu ya kukataa chumba, ila ni sababu ya kudai wavu mpya kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kulipa utauweka mwenyewe.

Kwenye manunuzi, mimi ni wa godoro kwanza na kitanda baadaye. Vijana wengi wanageuza: wanakwenda Keko kuagiza kitanda cha mninga chenye nakshi, kisha pesa zikiwa zimekwisha wanakitandikia godoro jembamba ambalo baada ya miezi michache linabonyea mpaka unahisi chaga mgongoni. Godoro zuri la inchi nane unaweza kulilalia juu ya mkeka mwezi mzima bila kudharaulika. Dukani usilipapase kwa vidole. Weka goti, lemea kwa uzito wako, kisha toa. Likichelewa kurudi, liache. Angalia nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na uandikiwe risiti yenye muda wa gerentii. Godoro la mtumba kutoka kwa anayehama ni bei nzuri, na mara nyingine ni kunguni kwa bei nzuri.

Kitanda kikifika zamu yake, mwambie fundi akutengenezee cha kufungwa kwa bolti, si cha kugongelewa misumari, kwa sababu chumba cha kwanza si cha mwisho na utahitaji kukivunja kiingie kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Chaga ziwe karibu karibu. Zikiachana sana godoro linazama katikati. Mbao laini si vibaya, ilimradi zimekauka. Mbao mbichi zikikauka chumbani kwako zitapinda, na kitanda kitaanza kulia kila ukigeuka. Kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotenganishwa na kuta nyembamba, hilo si jambo dogo.

Shuka ziwe jozi mbili, foronya mbili, chandarua kimoja cha kulalia. Pazia zito kabla ya televisheni, hasa kama dirisha linatazama korido ambamo wapangaji wote wanapita kwenda bombani.

Kisha kuna wageni. Muulize mwenye nyumba kabla ya kusaini: mgeni anaruhusiwa kulala? Siku ngapi? Geti linafungwa saa ngapi? Wako wanaohesabu kila kichwa kwenye bili ya maji, na binamu aliyekuja kwa usaili wa kazi akakaa mwezi anaweza kukuletea ugomvi usio wako. Nunua godoro la tatu kwa sita la inchi nne, lisimamishwe nyuma ya mlango au lilale chini ya lile kubwa, pamoja na chandarua chake. Mgeni wa rika lako analala hapo na hana la kusema. Wa jinsia nyingine, hata kama ni ndugu wa damu, mtafutie kwa jirani au kwa dada aliyepanga mtaa wa pili, majirani wasianze kukuhesabia.

Akija mama, kitanda ni chake, wewe unachukua la inchi nne. Usimwambie kwenye simu. Atasema basi asije akusumbue.